Mhariri wa Kesho Kutwa na Jina Aliloliacha

Ndugu, jamaa, majirani na wote mlioacha shughuli zenu kuja kumsindikiza mzee wetu, karatasi zile zinazong'aa mlizogawiwa getini hazikutoka kwa familia, zililetwa na mdogo wa marehemu, ambaye wengi mnamfahamu kwa jina la Meneja, na historia iliyomo ndani yake haikuandikwa na mtu, imetolewa na kompyuta. Ndiyo maana inasema marehemu alizaliwa hospitali wakati alizaliwa nyumbani, inasema alikuwa mcheshi na mpenda watu wakati kila aliyewahi kumpelekea hadithi anajua alivyokuwa, na hata tabasamu lile la kwenye picha si lake, kwa sababu marehemu hakuwahi kumchekea mpiga picha na meno yake ya mbele hayakuwa hivyo. Mwisho wake karatasi hiyo inawatangazia kwamba jarida lake litaendelea kutoka kila siku kwenye simu, likiwa na hadithi zilizoandikwa na mashine hiyohiyo na barua za mhariri zenye sahihi yake, kana kwamba hajafa. Familia inaomba mziweke chini ya viti, msikilize historia hii, ambayo imeandikwa kwa mkono kwenye meza ya kulia chakula, na kila aliyetajwa ndani yake na aliye hai ameulizwa kwanza kama ndivyo ilivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 9 Aprili 1952, katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake, aliyekuwa fundi redio, akiwa mtoto wa kwanza wa mama aliyekuwa fundi cherehani, akishona kwenye baraza ya duka hilohilo. Chumba kilijaa redio zilizofunguliwa vifuniko, na mama yake alisimulia hadi uzeeni kwamba mtoto huyu alilia kwa sauti iliyozishinda redio zote, kisha akanyamaza kimya ilipoanza taarifa ya habari. Mdogo wake alizaliwa mwaka 1955, na mama alikuwa akiongeza kwamba tangu siku hiyo mkubwa hakunyamaza tena.

Alianza darasa la kwanza mwaka 1960, katika shule ya msingi iliyo ng'ambo ya reli, na aliwahi kuadhibiwa kwa kosa ambalo mwalimu wake alisema hajawahi kuliona, yaani alichukua kitabu cha hadithi cha maktaba, akapiga mstari wa kalamu juu ya kurasa mbili nzima, na pembeni akaandika kwamba hizi hazina kazi. Alitakiwa kukinakili kitabu chote, akakinakili, ila zile kurasa mbili akaziruka, akachapwa tena. Aliendelea na sekondari hadi mwaka 1969, macho ya baba yake yalipoanza kufifia kwa moshi wa kuunganishia nyaya, ikabidi mkubwa arudi nyumbani kushika koleo na mdogo ndiye aendelee na masomo.

Mwezi Julai wa mwaka huo, mtu alipokanyaga mwezini, marehemu aliisikia habari hiyo kwenye redio ya mteja ambayo baba yake hakuwa amemaliza kuitengeneza, ikakata katikati ya maneno, watu waliojaa dukani wakaguna, na yeye, kijana wa miaka kumi na saba, akaendelea pale redio ilipoishia, akawaeleza vumbi lilivyo, kiatu kilivyozama na yule aliyebaki kwenye chombo alivyokuwa akiwaonea wivu wenzake. Watu walikaa mpaka mwisho. Redio ilipopona na habari kamili ikasikika, mzee mmoja muuza mkaa alisema ya kijana ilikuwa nzuri zaidi, na marehemu alilibeba neno hilo maisha yake yote kama wengine wanavyobeba vyeti.

Tarehe 1 Februari 1971 aliajiriwa katika kiwanda cha uchapaji kilicho nyuma ya soko, akiwa mpanga herufi, enzi zile za herufi za madini ya risasi zilizopangwa moja moja kwa vidole, na mwaka 1974 akapandishwa kuwa msahihishaji. Hapo ndipo alipopewa jina la Kisu, baada ya mteja kuleta maneno ya kadi ya harusi ya binti yake, na marehemu kufuta pale palipoandikwa kwamba wazazi wana furaha isiyo na kifani, akisema hakuna aliyeipima. Mteja aliwaka, kadi zikachapwa upya, lakini jina lilikuwa limeshamganda, na yeye hakulichukia.

Mdogo wake alirudi kutoka masomoni mwaka 1980, akakinunua kiwanda kile kutoka kwa mwenyewe aliyezeeka, akawa Meneja kweli na si wa utani tena, na kaka yake akamwendea na wazo la jarida la hadithi fupi za mambo yajayo, hadithi za vyombo vya angani, za miji iliyojengwa chini ya maji na za mashine zenye akili, zilizoandikwa na watu wa hapahapa kwa lugha tunayoitumia kugombana nyumbani. Mdogo aliona ni upuuzi, ila alikuwa na mashine zilizolala mwisho wa wiki. Mama yao aliwaita barazani, akasimamisha cherehani, akawaambia maneno ambayo wote wawili waliyakubali mbele ya mashangazi zao: "Mashine ni zako wewe, jina ni lake yeye, na sitaki kusikia mmebadilishana." Toleo la kwanza la Kesho Kutwa lilitoka mwezi Juni 1981, jina likasajiliwa kwa marehemu peke yake, na wauza magazeti wakaanza kuulizwa kama Kesho Kutwa limefika, nao wakajibu labda keshokutwa, utani uliochosha kabla mwaka haujaisha.

Ofisi yake ilikuwa chumba cha juu, juu kabisa ya mashine, sakafu ikitetemeka kiasi kwamba kikombe cha chai kilitembea chenyewe hadi ukingoni mwa meza, na wageni walimwona akiongea huku mkono mmoja ukikirudisha kikombe bila kukitazama. Alikuwa na utaratibu mmoja aliousimamia kuliko afya yake, nao ni kwamba hakutaka kujua hadithi ni ya nani mpaka awe ameshaamua, awe waziri, awe mfungwa, awe mpwa wake, hivyo katibu muhtasi wa kiwanda alizipokea kwanza, akakata kwa mkasi sehemu ya juu yenye jina, akaweka nambari, na majina yakakaa kwenye kopo la maziwa ya unga hadi uchaguzi ulipokwisha. Waliokataliwa walipata sentensi moja ya wino mwekundu. Mmoja aliandikiwa kwamba hadithi yake ina roketi mbili na hakuna mtu hata mmoja ndani yake, mwingine kwamba mwanaanga wake anaongea kama diwani, na yupo mwanasheria mmoja, leo amekaa pale nyuma, aliyekataliwa mara nyingi hadi akamtishia kumpeleka mahakamani, ambaye ametuambia kwamba barua hizo zote anazo.

Katibu muhtasi huyo mwenye mkasi ndiye aliyekuja kuwa mke wake, wakafunga ndoa tarehe 12 Desemba 1984, na mkewe ameruhusu jambo hili lisemwe, kwamba yeye naye alikuwa akiandika kwa siri. Mwaka 1985 alikata jina lake mwenyewe kwa mkasi wake mwenyewe, akaiweka hadithi yake pamoja na nyingine, hadithi ya mwanamke aliyebaki peke yake kwenye kituo cha angani, na ikarudi na wino mwekundu ukisema mwandishi huyu anaogopa kufika mwisho. Mke alimnunia nyumbani kwa siku nyingi, naye bila kujua sababu, mpaka mke alipoichukua karatasi ile akaiweka kando ya sahani ya mumewe wakati wa chakula cha jioni. Marehemu aliisoma, akatafuna, akasema hadithi bado ni mbaya, ila sasa ameelewa kwa nini mchuzi hauna chumvi. Mke hakukoma, aliandika nyingine na nyingine, na mwaka 1988 moja ikachaguliwa, jina likatolewa koponi, marehemu akalitazama, akaipeleka chini ikachapwe, na hakusema neno la sifa hata siku hiyo.

Walijaliwa watoto watatu, wa kiume aliyezaliwa mwaka 1986 na wa kike wawili waliozaliwa mwaka 1989 na 1993, na wote wanakubaliana kwamba baba yao hakuwa mwepesi. Siku ya wazazi shuleni alimwomba mwalimu mkuu apunguze hotuba yake, tena akamwonesha pa kupunguza. Lakini wanakubaliana pia kwamba hakuwahi kumdanganya mmoja wao, na kwamba mtoto aliyemwendea na mchoro au shairi alisomwa mpaka mwisho, kwa kalamu mkononi, kama mtu mzima.

Miaka ilikwenda, vibanda vya magazeti vikageuka vibanda vya kuuzia vocha, wasomaji wakahamia kwenye simu, na vijana wakamjia kwa heshima kumwomba jarida nalo lihamie huko, naye akawafukuza mmoja baada ya mwingine. Hapo marehemu alikosea, na familia inasema wazi kwamba alikosea, kwa sababu alidhani anailinda hadithi kumbe anailinda karatasi, na kwa miaka hiyo mirefu wapo watoto waliokua bila kulijua jarida hili kabisa. Mwaka 2016 mwanawe alilianzisha kwa barua pepe bila ruhusa, wakatokea wasomaji kutoka miji ambayo marehemu aliijua kwenye ramani tu, na shukrani aliyoitoa kwa mwanawe ilikuwa kumwonesha herufi moja iliyokosewa ukurasa wa tisa.

Halafu ikaja mashine inayoandika yenyewe. Kuanzia mwanzo wa mwaka 2023 hadithi zilianza kumiminika kuliko wakati wowote, na badala ya kufurahi marehemu akaanza kukonda, kwani zilikuwa na harufu moja, zote zilianza na mtu anayeamka na kuishia na mtu anayetazama nyota kwa matumaini, hazina kosa wala hazina mwenyewe. Waandishi wa kweli walikuwa humo ndani, wamefunikwa, mtu ameshinda na hadithi moja mwaka mzima akiiandika usiku watoto wakilala, inakuja kufukiwa chini ya rundo lililotengenezwa na mtu anayesubiri chai yake ipoe. Marehemu alizisoma zote. Mkewe alimsihi asome ukurasa wa kwanza tu na kutupa, akasema hawezi, maana huenda ukurasa wa kwanza ni mbaya na wa pili ndio wenye mtu ndani.

Katika rundo hilo, mwezi Septemba 2023, aliikuta hadithi iliyomfanya ainuke kwenye kiti. Ilikuwa na sehemu moja inayomhusu bibi kizee anayetunzwa na mashine, bibi anauliza saa ngapi kila dakika, na mashine, badala ya kumjibu saa ya kweli, ikawa inamjibu saa ileile ya asubuhi ambayo mume wake alikuwa bado hai. Marehemu aliipa ukurasa wa mbele, na kwenye barua ya mhariri, yeye ambaye hakuwa na tabia hiyo, akaandika kwamba huyu ni kijana wa kuangaliwa. Jina lililotoka kwenye kopo halikujulikana na mtu yeyote, na barua aliyotumiwa haikujibiwa.

Tarehe 2 Desemba mwaka huo, kwenye hafla ndogo ya jarida iliyofanyika kiwandani kati ya mashine, wakiwepo waandishi, wasomaji na watu wa magazeti, Meneja alisimama baada ya kaka yake kuzungumza, akashukuru watu kwa kuja, kisha akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Kaka, yule kijana wako wa kuangaliwa ni kompyuta yangu, na hadithi ile iliitoa nikiwa nafunga kamba za viatu." Watu walicheka, wengine kwa woga, na mmoja wa wale wa magazeti akaandika. Meneja akaeleza kwamba amefanya hivyo kwa upendo, ili kaka aone mwenyewe kwamba jarida halihitaji tena waandishi wa kungojewa wala mhariri wa kuwakataa.  Marehemu aliingia kwenye mtego kwa sababu ya uadilifu wake, kwani mtu mwingine yeyote angemtafuta mwandishi kabla ya kumpa ukurasa wa mbele, yeye alishajifunga kutotafuta, na mdogo wake aliijua tabia hiyo tangu kuzaliwa.

Kwa wiki kadhaa marehemu hakupanda ofisini, alikaa sebuleni akitazama televisheni iliyozimwa. Aliyemtoa pale ni mwalimu mmoja wa hesabu wa shule ya sekondari, mwandishi wa jarida hili tangu ujana wake, aliyekuja nyumbani akiwa na matoleo mawili mkononi, la mwaka 2023 na la mwaka 1994, akayaweka mezani bila kukaa. Kwenye lile la zamani ilikuwamo hadithi yake, ya kwanza aliyowahi kuchapisha, ambayo marehemu alishaisahau, ya mzee anayetunzwa na mashine na kuuliza saa ngapi, akijibiwa saa ya asubuhi ambayo mke wake alikuwa bado hai. Yule mzee alikuwa baba yake mzazi. Mashine ilikuwa imembadilisha kuwa bibi, na mengine ikayaacha karibu kama yalivyokuwa.

Marehemu alivaa viatu. Alishuka hadi kiwandani, akayaweka matoleo yote mawili juu ya mashine ya kukatia karatasi mbele ya wafanyakazi, akamuuliza mdogo wake aliyapata wapi maneno haya. Meneja hakuficha, alisema kompyuta aliilisha matoleo yote ya Kesho Kutwa tangu la kwanza, na haoni kosa liko wapi, kwa kuwa yote yalichapwa kwenye mashine zake. Ndipo marehemu alipomwambia: "Wewe ulizaliwa kwenye kitanda alichokiunga seremala, mbona hukuitwa mtoto wake?" Wafanyakazi walicheka kwa sauti, na safari hii hapakuwa na woga ndani yake, na Meneja, aliyezoea kucheka na si kuchekwa, alitamka palepale kwamba kuanzia mwezi unaofuata mashine hazitachapa tena jarida hilo. Ndugu hawa wawili hawakusalimiana tangu siku hiyo hadi hospitali.

Jarida halikufa. Marehemu alichapisha barua akikiri kwamba aliichagua hadithi ile na kwamba kilichomwinua kwenye kiti kilikuwa mali ya mwalimu wa hesabu, akamwomba msamaha mbele ya wasomaji wote, kisha akahamia kwenye duka la vifaa vya ofisi lenye mashine ya kutolea nakala, ambako mwenye duka na mabinti zake wawili walibana kurasa kwa pini kwenye kaunta. Mkasi na kopo vikastaafishwa. Mahali pake aliweka utaratibu mpya, kwamba kila hadithi aliyotaka kuichagua alimpigia mwandishi simu, akamwambia neno moja tu: "Nieleze ulichokikata." Mtu aliyeandika mwenyewe huwa amekata kitu, tena kwa uchungu, na ukimuuliza hanyamazi, atakueleza habari za mjomba aliyemtoa, za safari nzima aliyoitupa, za mwisho wa kwanza uliomliza na haukufaa. Wale wengine walinyamaza, au walisema hawakukata kitu, hadithi ilitoka hivyohivyo, na mmoja alimwambia asubiri kidogo, ikasikika sauti ya vidole vikigonga kompyuta. Simu hizo zilimrudishia mwili. Mkewe anasema katika ndoa yao yote hakuwahi kumsikia akiongea na watu muda mrefu hivyo bila kuwagombeza.

Mapafu yake, ambayo madaktari walisema yalikuwa yamebeba vumbi la risasi na la karatasi tangu ujana, yalianza kumsumbua mwezi Januari 2025, akawa anapanda ngazi kwa vituo, na tarehe 20 Mei alilazwa katika wodi ya wanaume ya ghorofa ya pili, kitanda cha dirishani. Aliendelea kusoma hadithi akiwa na mpira wa hewa puani, na muuguzi wa zamu alipomnyang'anya karatasi ili apumzike, marehemu alimwambia amsomee yeye basi, muuguzi akamsomea, naye akamkosoa namna anavyosoma.

Mwishoni mwa Julai Meneja alikuja kumwona, akiwa na matunda na simu. Baada ya salamu alimwonesha kwamba kompyuta imeshajifunza barua zake zote za mhariri na sasa inaweza kuziandika yenyewe, akamsomea moja, ndefu, yenye kuwashukuru wasomaji wapendwa na kuwasifu waandishi mahiri. Marehemu aliisikiliza hadi mwisho, akavuta pumzi, akasema yeye hajawahi kumsifu mtu mara tatu kwenye ukurasa mmoja. Meneja alicheka kidogo, kisha akaweka simu mfukoni na kusema lile alilolijia: "Kaka, wewe unaondoka. Liache jina libaki likifanya kazi." Marehemu alijigeuza akatazama ukuta, na matunda yakabaki pale, hakuna aliyeyala.

Mdogo wake alipoondoka, marehemu alimwita mkewe karibu, akamwambia jina la Kesho Kutwa lifutwe kwenye usajili, lizikwe pamoja naye, kwa kuwa likiachwa juu ya ardhi litaokotwa, na ni afadhali jarida lifie mikononi mwa aliyelizaa kuliko litembee mjini likiwa na sura yake na tumbo la mashine. Alisema ndio wosia wake. Mkewe alimfunika shuka vizuri, akamwambia: "Hilo sikusikii. Umekata ya watu maisha yako yote, leo nakukata mimi." Akamkumbusha kwamba wapo watu waliopokea simu zake na kuambiwa hadithi zao zimechaguliwa, na bado zinangoja kuchapwa, na kwamba hajapata kuona mhariri anayeondoka na hadithi za watu mfukoni. Marehemu alikasirika, familia haitaficha, alikasirika siku mbili nzima na kukataa uji. Siku ya tatu alimuuliza mkewe ni nani atakayepiga simu. Mkewe alimjibu ni mwalimu wa hesabu. Akafikiri, akasema mwalimu yule anapenda mno vivumishi, halafu akaunywa uji.

Alifariki tarehe 3 Agosti 2025, asubuhi, mkewe na mwanawe wakiwa kando ya kitanda, akiwa na umri wa miaka sabini na mitatu.

Jana jioni Meneja alikuja nyumbani, akakaa kwenye kiti cha kaka yake, akamweleza mjane kwamba matangazo yameshatoka na watu wanasubiri, na kwamba mwanamke aliye kwenye huzuni asijitwishe mambo ya biashara. Mjane alimjibu mbele yetu sote, bila kupaza sauti: "Shemeji, kwenye msiba nakupokea. Kwenye jarida sikufahamu." Kwa hiyo familia inatangaza hapa, mbele ya jeneza na mbele yake, kwamba jina la Kesho Kutwa sasa ni la mjane, halikuuzwa, halikukodishwa wala halikuazimwa, na chochote kitakachotoka kwenye simu zenu kikiwa na sahihi ya marehemu ni uongo, mkifute. Yule mwanasheria aliyetajwa, aliyekataliwa mara nyingi, amejitolea kulisimamia hilo, na amesema safari hii mahakamani ataenda kweli. Toleo lijalo litatoka mwezi ujao, kwa nakala chache za kubanwa kwa pini na kwa barua pepe kwa wote walio mbali, likihaririwa na mwalimu wa hesabu, na anayetaka kuandika aandike, ajiandae kupigiwa simu. Meneja naye hajafungiwa mlango, akiketi siku moja akaiandika yake, itasomwa kama za watu wengine na atajibiwa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa yule muuguzi wa zamu aliyekubali kukosolewa na mgonjwa wake na akaendelea kumsomea hadi siku ya mwisho, inawashukuru majirani waliopika, waliochota maji na waliowalaza watoto wetu majumbani mwao, inamshukuru mwenye duka la vifaa vya ofisi na mabinti zake, wafanyakazi wa kiwandani waliokuja leo wakijua watanuniwa, na waandishi wote, waliochaguliwa na waliokataliwa, ambao ndio wengi zaidi hapa. Meneja tunamshukuru kwa turubai na viti, vitarudishwa kabla ya giza.

Nawe mzee, ulizikataa hadithi nyingi na wosia wako ukakataliwa, wewe na uliowakataa mmelingana. Hadithi za toleo lijalo zimeshachaguliwa, wenyewe wamepigiwa simu na wameeleza walichokikata, hutaulizwa tena neno. Pumzika kwa amani, hukuizoea, utaizoea.